Divai Nyeupe Ndani ya Kibuyu cha Shangazi

BARUA

Shikamoo Bibi Apolinaria. Mimi ni msomaji wako wa kila toleo la gazeti na leo naomba msaada wako, maana nimeshika kichwa na sina wa kumwambia, kwani kila ninayemwambia anacheka kwanza ndipo ananipa pole.

Mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni Tabora, naishi Isevya na shangazi yangu Veneranda aliyenilea, na kwa muda mrefu tumependana na msichana anayeitwa Josepha, binti wa Mzee Raymundi anayekaa ng'ambo ya reli, na huyo mzee, Bibi, si mzee wa kawaida, kwani alihudumu mezani kwa mapadre miaka mingi mpaka akastaafu, na huko akajifunza mambo ya divai, na sasa ingawa analima karanga kama watu wengine, ukimwamkia tu atakueleza ni divai gani inakwenda na samaki na ipi inakwenda na nyama. Nilipotuma posa alijibu kwamba wanzuki ya asali ameinywa tangu ujana wake na imemtosha, anayemtaka binti yake amletee divai nyeupe, na maneno yake nayaandika hapa kama alivyoyasema: "Iwe kavu, isiwe tamu kama dawa ya watoto. Iwe na ukali wa kuamsha ulimi. Itoke nchi ya baridi. Na iwe imeguswa na mti wa pipa, isiwe imelowekwa ndani ya mti."

Bibi, mimi divai naijua ya misa tu, na hiyo namwona padre akiinywa.

Basi nikapata boma kibali cha kununua kileo cha Kizungu, nikaenda duka la Mgoa, yule Mhindi wa Goa, karibu na stesheni, nikamweleza kama nilivyoelezwa, akanitolea chupa mbili akasema ndiyo hii bwana, hapa huwezi kukosea, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama askari wa gwaride. Shangazi alipoziona akashika kiuno. "Sylvester, unapeleka chupa kwa wakwe? Chupa ni za mafuta ya taa na dawa ya kikohozi. Kinywaji cha posa kinakwenda ndani ya kibuyu, kimezibwa majani mdomoni. Ndivyo nilivyoposwa mimi, ndivyo alivyoposwa mama yako." Nikamwambia shangazi, hii ni ya Kizungu. Akasema, kwani mkwe wako ni Mzungu? Na yeye ndiye aliyenilea, basi vizibo tukavisukuma ndani kwa msumari, tukaimimina divai yote katika kibuyu chake kikubwa, kile kinachoning'inia juu ya meko, kinachofukizwa moshi kila baada ya kuoshwa, ambacho kimekaa na wanzuki tangu mimi sijaanza shule.

Tukaenda, shangazi amekibeba kichwani, jua kali la mchana. Tulikuta wazee wamekaa, mshenga wetu Mzee Luhende akasema maneno yake vizuri, kibuyu kikawekwa katikati ya mkeka. Mzee Raymundi akauliza, "Chupa iko wapi?" Shangazi akajibu, "Chupa tumewaachia walevi." Watu wakacheka, mzee hakucheka. Hapo shangazi akanikonyeza nimimine nionje mimi kwanza, kama wafanyavyo watu wa zamani, lakini Bibi mimi ni mtu niliyesoma, nikaona kunywa kabla ya mkwe mbele ya watu ni ushamba na kukosa adabu, nikajaza kikombe nikampa yeye kwa mikono miwili nimepiga goti. Akakishika kitambo kirefu akinitazama. Kisha akatia mdomoni, akatema nje ya mkeka, akasema, "Hii ina mti mwingi. Tena si mti, ni moshi. Umeniletea jiko." Akainuka. Akasema nirudi Jumapili baada ya sikukuu ya Kupaa na kinywaji cha kweli, nikishindwa nisirudi tena, na yupo Dionis, dresa anayefunga vidonda hospitali, ambaye kila Jumapili anapita pale na baiskeli yake mpya kumsalimu mzee, na kila akipita anakaribishwa kiti.

Tangu siku hiyo natafuta ushauri kila mahali. Selemani seremala, jirani yetu, amenishauri ninunue divai yoyote nyeupe nitie ndani yake maranda ya mninga kidogo ili mzee auone mti anaoutaka, na rafiki yangu anayehudumu kwenye klabu ya Wazungu ameniambia anaweza kunitolea chupa nzuri iliyobaki nusu mezani. Josepha nilikutana naye bombani, akaniambia, "Sylvester, baba hakutazama kibuyu, alitazama mkono wako," lakini yeye ni msichana tu, hajui mambo ya divai, nikamwambia aniachie mwenyewe.

Naomba Bibi unichagulie divai itakayomridhisha, na kama maranda ya mninga yanafaa, unieleze niweke kiasi gani.

Mjukuu wako mwenye dhiki,
Sylvester, Isevya.


JIBU LA BIBI APOLINARIA

Marahaba, Sylvester. Barua yako nimeisoma polepole, kwa sababu herufi nilijifunza ukubwani kwenye katekisimo na sikuendelea mbele, lakini nilipofika kwenye maranda ya mninga niliweka karatasi chini nikaenda kuchota maji, maana niliogopa nitakutukana kabla sijamaliza. Sasa nimemaliza. Nitakutukana kwa mpango.

Tuanze na Selemani. Selemani namjua, fundi mzuri, mlango wangu wa mbele kautengeneza yeye na haujanisumbua. Lakini Selemani ni Mwislamu safi, divai haijawahi kumgusa mdomo, na wewe umekwenda kumwuliza yeye namna ya kuitengeneza. Yeye hana kosa, umemwuliza habari ya mti akakujibu habari ya mti. Ungemwuliza mshona viatu angekwambia utie ngozi. Mtu anayepokea mshahara wa reli anakaa anafikiria kumnywesha mkwe wake takataka za randa! Ukimtilia mzee yule maranda, Josepha utamwona siku ya harusi yake na Dionis, nawe utakuwa umesimama nje ya kanisa unashika baiskeli ya bwana harusi.

Na huyo wa klabu mwambie asante, abaki na nusu chupa yake. Mke hatafutwi kwa makombo ya Wazungu.

Sasa shangazi yako. Veneranda amenikera, na nitamwambia mwenyewe tukikutana sokoni. Kibuyu cha wanzuki ni cha wanzuki. Kile kibuyu kimekula moshi na asali miaka yote hiyo, kimeshiba, ukimimina ndani hata maji ya mvua yatatoka yanaitwa Veneranda. Halafu akakibeba kichwani kwenye jua! Kinywaji kilichozaliwa kwenye baridi, kikasafiri katika behewa la mizigo kutoka pwani mpaka hapa, wewe mwenyewe karani wa mizigo unajua behewa lile linavyochemka, kikafika salama, ndipo ninyi mkakimalizia njiani kati ya Isevya na reli. Mzee aliposema umemletea jiko, alisema kweli. Mimi ningesema maneno mabaya zaidi.

Lakini shangazi huyohuyo ndiye aliyekukonyeza, na hapo alikuwa na akili kuliko ninyi nyote mliokuwa kwenye mkeka ule, na wewe, mtu uliyesoma, ukamwona mshamba.

Nikuulize. Mzee alikishika kikombe kitambo kirefu akikutazama. Umeyaandika hayo kwa mkono wako. Ulifikiri anangoja nini? Treni ya Kigoma?

Bibi yangu mimi alikuwa akiuza wanzuki kwenye njia ya misafara, wakati wapagazi wanapanda kutoka Ujiji na meno ya tembo mabegani, wamechoka na kiu imewashika. Watu wenye kiu ya namna hiyo, Sylvester, na hakuna hata mmoja aliyepokea kata kabla bibi yangu hajainywa yeye kwanza mbele ya macho yao. Hawakumjua, naye hakuwajua. Akinywa anasema, "Haya, nimeanza mimi," ndipo wanapokea. Aliyeleta kinywaji anaanza yeye, ili mwenzake ajue hakuna kitu humo zaidi ya kinywaji. Ndivyo tunavyoishi hapa bila kuogopana. Wewe ulimpa mzee wa watu kibuyu kilichozibwa majani, hakijulikani kimetoka wapi, chupa hazipo, ukakataa kunywa, ukapiga goti ukamsukumia yeye. Kwa goti lile nusura umtie wazimu.

Naye angesemaje? Mtu aliyeshika vyombo vya mapadre maisha yake yote, atasimama mbele ya majirani aseme ameogopa kurogwa na karani wa reli? Wangemcheka mpaka Pentekoste. Basi akasema habari ya mti. Na kweli mti ulikuwepo, moshi ulikuwepo, divai ilikuwa imekufa. Lakini aliuona mkono wako kabla hajaionja. Ndiyo sababu alitema. Divai mbaya mtu mwenye adabu anaimeza kidogo akasema asante, na huyu adabu amefundishwa mezani.

Tena unajidanganya kwamba ulifuata Uzungu. Nilimwuliza Mgoa juu ya jambo hili, maana nilikwenda dukani mwenyewe kwa ajili yako, na miguu yangu hii. Akaniambia kwa Wazungu chupa ikifunguliwa, mhudumu anatia kidogo katika bilauri ya mwenye karamu, huyo anaonja kwanza, akiridhika ndipo wageni wanamiminiwa. Mzee Raymundi alimimina hivyo miaka yote aliyokaa pale misheni. Kwa hiyo ulikosea Kinyamwezi ukakosea na Kizungu, kwa kikombe kimoja. Hiyo ni kazi. Si kila mtu anaweza.

Na Josepha alikwambia! Alisimama bombani, ndoo imejaa, watu wanasukumana, akakwambia kwa maneno mafupi kabisa kwamba baba yake alitazama mkono wako. Ukamjibu yeye ni msichana tu. Sylvester, huyo msichana tu ndiye aliyeuona ugonjwa wako na dawa yake, na wewe ukatoka pale ukaenda kwa seremala. Kuna mahali katika barua yako nilitaka nimwandikie Josepha badala yako nimwambie afikirie vizuri ile baiskeli mpya.

Lakini umesema mmependana, na mzee amekupa Jumapili moja zaidi. Mtu asiyekutaka kabisa hakupi Jumapili. Basi sikiliza.

Divai nimekutafutia. Nilipoingia dukani Mgoa akaniuliza, "Bibi, unataka ya kupikia?"

Nikamwambia, "Nataka ya kumtafutia mke mjinga mmoja."

Akasema, "Aa, yule karani?"

Kumbe mji mzima unakujua.

Akanitolea chupa za aina tatu. Ya kwanza inatoka nchi ya jua kali, akasema zabibu zake zinaiva mpaka zinavimba. Hiyo wakati ule alikuwa ameifungua kwa chakula chake mwenyewe, akanitilia kidogo. Tamu, nzito, inakaa juu ya ulimi kama mgeni asiyejua kuaga. Nikamwambia hii wape wenye kikohozi. Ya pili akaisifu sana, akasema imelala katika pipa jipya la mti wa mwaloni muda mrefu, na hiyo nayo akanimiminia kidogo. Rangi yake ya samli. Nikanusa nikajiona nimeingia karakana ya Selemani. Mimi nimepika wanzuki tangu sijaolewa, na asali ya mzinga mpya naijua, gome linaingia ndani ya asali mpaka hujui umelamba nyuki au umelamba mti. Asali nzuri ni ile ya mzinga uliokwisha kukaa porini, mzinga uliozoea, unabakiza harufu kidogo tu. Nikamwuliza, "Huna iliyolala katika pipa la zamani?" Mgoa akanitazama upya, akaacha kuniita bibi wa kupikia.

Akatoa ya tatu. Inatoka nchi ambayo asubuhi umande unaganda juu ya majani, zabibu zinachelewa kuiva na nyingine zinavunwa zina ukali bado. Pipa lake lilikwisha tumika mara nyingi kabla. Rangi ya bua la mpunga. Nilipoitia mdomoni ikaniuma pembeni mwa ulimi kama ukwaju, mate yakaja, halafu ikajiondokea yenyewe ikaacha mdomo safi, na nyuma yake harufu ya ubao ikapita kidogo tu, kama mtu aliyepita nje ya dirisha bila kuita hodi. Nikasema moyoni, hii ni wanzuki iliyopelekwa shule. Ndiyo hiyo anayoitaka mkwe wako. Nimemwambia Mgoa akuwekee, na nimemwambia akikupa nyingine nitakuja kukaa mlangoni kwake na kila anayeingia nitamweleza divai yake.

Utaichukua jioni, jua limekwisha kupoa. Utaitia katika mtungi wa maji, ndani, mbali na joto la bati, umeuviringishia gunia lililoloweshwa, na gunia likikauka unalilowesha tena. Kazi hiyo fanya mwenyewe. Usimpe shangazi, atatia majani mdomoni.

Jumapili, njiani, chupa ibaki ndani ya gunia bichi. Usivae miwani ya kuazima ili uonekane msomi. Usiende na Selemani. Nenda na Mzee Luhende, na shangazi yako, ndiyo, na shangazi yako, kwa sababu ndiye aliyekulea na ndiye aliyekukonyeza, lakini mikono yake iwe mitupu. Nunua kile chuma cha kuvutia kizibo, Mgoa anacho. Msumari waachie mafundi wa mabehewa.

Ukikaa, chupa iweke mbele ya mzee ikiwa haijafunguliwa, aishike, aizungushe, asome maandishi yake, ajione. Mwache ajione, mtu mstaafu anayelima karanga hana sherehe nyingi. Mwombe ruhusa ufungue. Fungua mbele ya macho ya wote. Tia kidogo katika kikombe, na hicho kikombe ni chako. Kunywa. Usinuse kwanza, usifumbe macho, usifanye mdomo wa mapadre. Kunywa kama mtu, meza, halafu sema, "Baba, nimeanza mimi." Neno lingine lolote usiseme. Ndipo umtilie.

Itakuchoma kidogo ulimini na utataka kukunja uso. Usikunje.

Akikuuliza habari ya mti na habari ya nchi ya baridi, mwambie hujui, akufundishe. Hilo kwako ni gumu kuliko kuitafuta divai, nakuona tayari umekunja midomo. Lakini yeye ana miaka mingi ya mambo hayo kichwani na hakuna wa kumwambia, karanga hazisikilizi. Ukimwambia hujui, atakuzungumzia mpaka jioni, na mtu hawezi kumfukuza mkwe anayemsikiliza.

Kabla ya hayo yote, kesho, nenda bombani. Mwambie Josepha kwamba alisema kweli nawe hukusikia. Usimpelekee zawadi, usimpelekee kitambaa. Mwambie hivyo tu, ndoo umbebee, urudi kazini.

Maranda mwachie Selemani akawashie moto wa gundi. Kibuyu mrudishie shangazi yako na umwambie mimi nimesema ni kibuyu kizuri sana cha wanzuki.

Mzee akikukubali, sitaki divai kwangu. Niletee asali ya Ulyankulu, ya mzinga uliozoea. Na ukifika mlangoni usinipigie goti wala usinieleze habari za shule. Fungua, onja wewe kwanza nikikuona, ndipo unipe.